Dhoruba Haikuua Mtu

Kuna jedwali linalozunguka Kenya hii kuliko matatu. Lina safu mbili. Kushoto taswira, kulia maana. Dhoruba: matatizo. Mawingu meusi: hatari inayokuja. Mvua: baraka, ila ikinyesha mazishini inageuka huzuni. Radi: ghadhabu ya Mungu. Bahari shwari: amani. Kama umesoma sekondari hapa, umelikariri. Umeingia nalo kwenye chumba cha mtihani, Karatasi ya Tatu, ukaona upepo kwenye ubeti wa pili, ukaandika "upepo ni jazanda ya misukosuko ya maisha", ukapewa alama zako mbili, maisha yakaendelea.

Mimi nasema hilo jedwali ni uongo, na si ule uongo mdogo wa shule unaoisha ukishachukua cheti. Linatufanya wasomaji wabaya wa mashairi, halafu linatutoa darasani tukiwa wasomaji wabaya wa mvua.

Nalijua kutoka jikoni kwake. Riziki yangu ni kuandika kwa oda, chochote kile, bora kilipe. Mteja mmoja anayechapisha miongozo ya wanafunzi aliniagiza maelezo ya The Rime of the Ancient Mariner, lile shairi refu la Samuel Taylor Coleridge. Nikampelekea kurasa sita juu ya hali ya hewa peke yake. Akanijibu kwa meseji: hizi ni nyingi, weka jedwali, dhoruba inasimamia nini, jua linasimamia nini, basi. Nikamwambia jedwali la shairi hili halijaziki. Hakunilipa hata senti. Kurasa zenyewe ndizo hizi, nimezitia chumvi kidogo.

Najua kuna mtu ashaanza kununa: Coleridge tena? Mwaka 1968, pale Chuo Kikuu cha Nairobi, Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba walidai Idara ya Kiingereza ivunjwe, na mimi niko nyuma yao mia kwa mia. Lakini walichotaka ni Afrika iwekwe katikati, halafu fasihi nyingine zote zitazamwe kutoka hapo. Hawakusema tuogope shairi la Mwingereza. Basi mimi nalitazama kutoka hapa, kutoka ndani ya lugha yenye majina ya upepo ambayo jedwali halijawahi kuyasikia.

Kwa ambaye hajalisoma: ni hadithi ya beti, sehemu saba. Ilitoka mara ya kwanza 1798 ndani ya Lyrical Ballads, kitabu ambacho Coleridge alikitoa pamoja na William Wordsworth. Mzee mmoja baharia anamkamata mgeni aliyealikwa harusini, anamzuia mlangoni, anamlazimisha asikilize. Meli yao, anasema, iliondoka bandarini watu wakishangilia, ikashuka kusini hadi ikweta. Hapo dhoruba ikaishika na kuisukuma mpaka kwenye barafu ya ncha ya kusini. Ndege mkubwa wa baharini, albatrosi, akatokeza kwenye ukungu. Wakamlisha, akawazoea, akawa anakuja wakimwita. Barafu ikapasuka, upepo mzuri ukavuma nyuma yao, wakaanza kurudi kaskazini. Kisha huyu mzee akamtungua ndege kwa mshale. Kwa nini? Hasemi.

Sasa lete jedwali. Dhoruba ni ghadhabu ya Mungu juu ya dhambi, si ndiyo? Dhambi gani? Dhoruba imekuja kabla ndege hajauawa. Imekuja kabla hata hajaonekana. Wakati huo hawa watu hawajafanya lolote ila kusafiri. Halafu hesabu maiti. Dhoruba iliinamisha milingoti, iliwakimbiza kama mtu anayefukuzwa, iliwatupa mahali ambapo hapana mtu wala mnyama. Haikuua hata mmoja. Wote walitoka kwenye barafu wakiwa hai.

Kilichowaua ni shwari.

Baada ya ndege kufa, upepo mzuri uliendelea kidogo, ukawaingiza kwenye bahari ambayo hakuna chombo kilichowahi kufika. Halafu ukakata. Tanga likalala. Jua likasimama juu ya mlingoti, siku baada ya siku, meli haisogei hata hatua. Mbao zikasinyaa kwa joto, ndimi zikakauka, na kote ni maji wasiyoweza kuyaweka mdomoni. Ilipotokea meli nyingine kwa mbali wakafurahi, mpaka walipogundua inakuja bila upepo wowote. Ndani yake Kifo na mwenzake, mwanamke anayeitwa Uhai-katika-Kifo, wanacheza kamari kwa dado. Mwanamke akamshinda mzee. Wengine wote wakaanguka mmoja mmoja, watu 200, kila mmoja akimlaani mzee kwa macho. Yote hayo kwenye bahari iliyotulia tuli, ile ambayo jedwali linaiita amani.

Mtu wa Lamu ambaye babu yake aliendesha jahazi hatashangaa. Kaskazi ndiyo iliyovileta vyombo vya Uarabuni na Bara Hindi mwisho wa mwaka, kusi ikavirudisha miezi ya kati. Upepo mkali ni kazi na ni hofu, ila ndio injini yenyewe. Ukikatika, nahodha anaanza kuhesabu mitungi ya maji. Sisi watu wa nchi kavu ndio tulioichukua shwari tukaifanya jina la raha. Mambo? Shwari. Tumeipenda hadi mwaka 2012 huduma ya kuweka na kukopa pesa kwa simu ikabatizwa M-Shwari. Sina ugomvi na jina, ni tamu mdomoni. Nasema tu huyu baharia wa Coleridge asingefungua akaunti.

Washairi wa Uswahilini walilijua hili bila kufundishwa na mtu. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, katika Al-Inkishafi, anaufananisha ulimwengu na bahari iliyochafuka, na papo hapo anataja matumbawe. Hakuridhika kusema bahari ni mbaya. Matumbawe yanatoboa chombo halisi cha mbao, na msikilizaji wake wa kwanza alijua yako wapi, yanaonekana maji yakiwa wapi, na yanafichika saa ngapi. Fumbo lilimuuma kwa sababu mwamba ulikuwa mwamba kwanza. Leo mwanafunzi anaandika "matumbawe ni changamoto", anafunga kitabu, hajaona bahari wala mwamba.

Nirudi melini, kwa sababu kitu kinachonifanya nilipende shairi hili hakiko kwenye dhoruba. Kiko kwa wale mabaharia 200. Ni wasomaji wa jedwali.

Fuatana nami polepole hapa. Ndege ameuawa. Wenzake wanamgeukia mzee kwa hasira: umemuua ndege aliyekuwa akituletea upepo mzuri, umefanya jambo baya. Sawa. Kisha jua linachomoza, ukungu unaondoka, kumepambazuka vizuri. Watu wale wale, midomo ile ile: kumbe ulifanya vyema, huyo ndege ndiye aliyekuwa akituletea ukungu, ndege wa hivyo wanafaa kuuawa. Mzoga ni ule ule. Mshale ni ule ule. Kilichobadilika ni ukungu, na hukumu nayo ikabadilika. Kisha shwari inaingia, wanakauka kwa kiu, wanageuka mara ya tatu: wanachukua yule ndege mfu na kumtundika shingoni mwa mzee. Tafsiri tatu tofauti, na zote tatu wana uhakika nazo kama mwanafunzi wa kwanza darasani.

Mwaka 1817 Coleridge alilitoa shairi upya na kuongeza maelezo mafupi pembeni mwa beti. Pale ambapo mabaharia wanamsifu muuaji kwa sababu ukungu umeondoka, maelezo ya pembeni yanasema wazi kwamba kwa kufanya hivyo wamejiingiza kwenye uhalifu wake. Hawakushika upinde. Walisoma hali ya hewa na kutoa hukumu kulingana na vile walivyojisikia asubuhi hiyo. Hicho ndicho kinachowafanya washirika, na ni wao wanaokufa.

Na hii habari ina historia. Wazo la kuua albatrosi Coleridge alipewa na Wordsworth, ambaye alikuwa amesoma kitabu cha safari cha nahodha George Shelvocke, kilichochapishwa 1726. Shelvocke anaeleza jinsi meli yake, mwaka 1719, ilivyoteswa na pepo kali za kuwapinga karibu na Cape Horn, kule mwisho wa Amerika Kusini. Ndege mmoja mweusi aliwafuata siku kadhaa. Afisa wake aliyeitwa Simon Hatley, mtu wa majonzi, akatazama rangi ya ndege, akatazama dhoruba isiyokoma, akaamua ndege ni mkosi. Akampiga risasi, akitumaini upepo utageuka.

Yaani ndege wa kweli aliuawa na tafsiri. Rangi nyeusi ni mkosi, dhoruba ni ishara, moto! Hatley angefaulu mtihani wetu kwa alama zote.

Angalia basi Coleridge alichofanya na habari hiyo. Aliifuta sababu. Muuaji wa shairi hana hata sentensi moja ya kujieleza. Ile tabia ya Hatley ya kulaumu ndege kwa sababu ya hewa, akaihamisha akawagawia mabaharia wote, baada ya tendo. Sidhani ni bahati mbaya. Mimi nasoma hivi: alitaka tuone kwamba mtu anaweza kuua bila sababu, halafu umati ukampelekea sababu mlangoni, tena bure.

Hapo mwalimu atanyanyua mkono: lakini Coleridge mwenyewe ameipa dhoruba mabawa, ameifanya dikteta, hiyo si tashihisi? Ni tashihisi, ndiyo. Ila itazame vizuri. Katika toleo la 1798 dhoruba bado ni upepo tu, unaichezea meli kama makapi. Ni lile toleo la 1817 linaloifanya mtesaji mwenye mabawa anayewafukuza. Na ni katika toleo hilo hilo maelezo ya pembeni yanasema, kwa ukavu kama wa karani, kwamba meli ilisukumwa na dhoruba kuelekea ncha ya kusini. Sauti mbili zimekaa ukurasa mmoja. Karani haoni mabawa. Anayeyaona ni nafsineni, mzee ambaye ameisimulia hadithi hii mara nyingi, ambaye hawezi kulala asipoisimulia, na ambaye ana mauaji ya kueleza mbele ya safari. Kama mimi ndiye niliyemuua yule ndege, nami ningetaka dhoruba yangu iwe na mabawa. Ningetaka ijulikane mapema kwamba nilikuwa mtu wa kufukuzwa.

Kwa hivyo "dhoruba inasimamia nini" ni swali la uvivu. Swali linalolipa ni nani anaisema hivyo, akiwa amesimama wapi, na ana nini cha kuficha.

Sitaki kuonekana mkaidi. Kuna mahali jedwali linapata kitu. Usiku mmoja mzee anawaona nyoka wa majini wakicheza kwenye mwanga wa mwezi, anawapenda bila kupanga, anawabariki, ndege anaanguka kutoka shingoni mwake. Analala usingizi, anaamka mvua inanyesha. Haya, mvua ni baraka, chukua alama moja. Lakini geuza ukurasa. Upepo unanguruma mbinguni, umeme unateremka kama mto, na huo upepo haufiki kwenye meli kamwe. Meli inaanza kwenda hata hivyo. Maiti wanainuka, kimya, wanashika kamba zao, wanaendesha chombo. Mtu ananyonga kamba bega kwa bega na mwili wa mpwa wake na hawasemezani. Hiyo ni jazanda ya nini? Jaza nikuone.

Hata Coleridge alikerwa na wanaotaka kila kitu kilipe funzo. Kuna mazungumzo yake yaliyochapishwa baada ya kifo chake ambamo anasimulia vile mshairi Anna Barbauld alivyomlalamikia kwamba shairi hili halina mafunzo. Akamjibu kwamba ubaya wake ni kuwa lina mafunzo mengi mno, na kwamba lilifaa lisiwe na zaidi ya ile hadithi ya Alfu Lela Ulela: mfanyabiashara ameketi kando ya kisima anakula tende, anatupa kokwa, mara jini linatokea na kusema lazima nikuue, kokwa yako imemtoboa mwanangu jicho. Weka kokwa hiyo kwenye jedwali. Ni kokwa. Ilitupwa, ikaangukia mahali, ikamuumiza mtu ambaye mtupaji hakumwona. Shida ilianza hapo.

Mtu ataniuliza mbona nimekasirika hivi juu ya shairi la watu waliokufa zamani. Sababu yangu ni mvua za 2024.

Mtu yeyote aliyekuwa Nairobi Aprili na Mei ya mwaka ule anakumbuka. Mathare, Mukuru, maji yanaingia usiku, watu wanapanda juu ya mabati. Kabla Mei kufika katikati waliokufa nchini walikuwa wamepita 200, idadi ya mabaharia, na sijaitafuta mimi hiyo sadfa. Alfajiri ya Aprili 29, kule Mai Mahiu, maji yaliteremka yakafagia nyumba na watu waliolala, makumi wakafa. Habari za kwanza zilisema bwawa limepasuka. Baadaye Wizara ya Maji ikaeleza kwamba maji yalikuwa yamekusanyika nyuma ya tuta la reli, kwa sababu njia yake ya kupita chini ya reli ilikuwa imezibwa na takataka za mto. Miaka sita kabla, Mei 2018, hapo hapo kaunti ya Nakuru, bwawa la shamba la kibinafsi lilipasuka Solai, likaua zaidi ya watu 40. Mvua ilikuwepo mara zote mbili. Tuta pia lilikuwepo. Tuta linajengwa na watu, na mfereji unazibuliwa na watu.

Lakini sikiza lugha tuliyoisikia. "Mvua imeua." "Mvua imevunja." "Mvua imewaacha bila makao." Mvua ndiyo kiima cha kila sentensi, ina mikono, ina nia, ina hasira. Hiyo ni tashihisi, na hakuna mwalimu anayeipigia mstari. Kwenye mimbari ikawa adhabu ya dhambi zetu. Kwenye mikutano ya wakubwa ikawa tabianchi, ambayo ni kweli, ila ilitamkwa kwa sauti ile ile ya mimbari, kama kitu kisicho na ofisi wala anwani. Walioishi kando ya mito wakaamriwa waondoke ndani ya mita 30, matingatinga yakaja yakabomoa yale ambayo maji yalikuwa yameyaacha. Mei 10 ikatangazwa siku ya mapumziko ya kuwakumbuka waliokufa, na kupanda miti. Mimi napenda miti. Ila nilipowatazama wale wenye suti na miche yao mbele ya kamera, niliwaona wale mabaharia asubuhi ukungu ulipoondoka, wakitoa hukumu mpya kwa sababu jua limewaka.

Kijana aliyefunzwa miaka minne kwamba dhoruba "inaashiria" ghadhabu hataona ajabu yoyote hapo. Mvua imepewa nafsi na maana imepatikana, alama mbili. Yule aliyefunzwa kuuliza upepo ulitoka upande gani, ulifika kabla ama baada ya mshale, na nani alikuwa akiusimulia, huyo ataanza kuuliza mfereji ulizibuliwa lini mara ya mwisho, na na nani. Huyo wa pili anasumbua. Hata kwenye miongozo hatakiwi.

Mteja wangu, kama unasoma hii, kuna safu moja sikukutumia. Mwisho wa safari meli inafika nyumbani. Mzee anaona mnara wa taa, kilima, kanisa la kwao. Ni usiku, mwezi uko juu, maji ya bandarini yametulia safi kama kioo. Rubani anakuja na mashua yake, pamoja na kijana wake na mtawa mmoja mzee wa msituni. Hakuna upepo, hakuna wingu. Mngurumo unatoka chini ya maji, unakaribia, unaipasua ghuba, na meli iliyopita kwenye dhoruba, kwenye barafu na kwenye shwari yote ile inazama hapo hapo, mita chache kutoka nchi kavu, kama kipande cha risasi. Kushoto andika bandari tulivu. Kulia jaza wewe.